Mtoto Anayemngoja Profesa

Jumatano, Oktoba 9

Sasa hivi tu mwanangu ameliachia ziwa langu, maziwa yakimchuruzika kidevuni, akageuza shingo kuelekea mlangoni na kutulia kama mtu mzima anayesikiliza taarifa ya habari. Huko uani baba yake anajaribu spika. Mafundi wengine wakijaribu spika husema "alo, alo, moja, mbili." Mume wangu Kathiravan huweka hotuba ya Profesa. Leo ni ile ya bei ya mchele. Ilipofika pale mzee anapouliza, "Niambieni, ndugu zangu, ni nani aliyekula mchele ambao ninyi hamkuula?" mtoto akacheka. Hana jino hata moja, lakini akacheka ufizi wote nje.

Nimemwimbia tangu asubuhi, wimbo wa marehemu mama yangu, akawa analia tu.

Kwa hiyo niandike ukweli. Namwonea wivu mzee wa miaka sabini na kitu.

Mtoto huyu ana miezi saba na hana jina. Tumbo lilipokuwa bado dogo, Kathiravan aliweka nadhiri mbele ya watu wa chama kwamba mtoto atapewa jina na Profesa Adalarasu, mbunge wetu, juu ya jukwaa, kwenye maikrofoni. Kwa watu wa chama hapa Melaneri hiyo ndiyo heshima. Sasa Profesa yuko Chennai bungeni, au mgonjwa, au njiani, na mwanangu anaitwa "mtoto."

Shajara hii nayo ni ya chama. Waligawa mwaka mpya, hakuna aliyeitumia. Kila mwezi una picha ya Profesa. Oktoba nimembandika karatasi ya biskuti usoni.

Alhamisi, Oktoba 10

Mvua. Nepi hazikauki.

Jumapili, Oktoba 13

Mvua imekatika kidogo, tukatoka uani na wifi yangu Sivagami kusaga unga wa idli, mikate yetu ya mvuke. Sivagami ni dada yake Kathiravan, anakaa chumba kinachotazamana na chetu. Mumewe yuko Muscat kazini. Binti yao, Poongodi, ana miaka mitatu na nusu, na jina hilo alipewa na Profesa mwenyewe siku ya kufungua daraja. Picha ipo ukutani kwa wifi, ndani ya fremu ya dhahabu: Profesa, maikrofoni, mtoto mchanga amefumba macho, na wifi pembeni kavaa sari ya arusi yake. Picha ya marehemu baba mkwe iko chini yake, ndogo.

"Vipi wifi," akaniambia huku anamimina maji kwenye kinu, "huyo wako bado anaitwa 'huyo'?"

"Bado, wifi."

"Uangalie asije akazoea. Ataolewa kwenye kadi wameandika: Huyo."

"Bora hivyo. Mume wake hatapata shida ya kukumbuka."

Mama mkwe alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Sivagami naye alicheka, lakini baadaye akaenda kuipangusa ile picha, na hata haikuwa na vumbi. Mimi niliiangalia kwa dirishani. Nilitaka kuing'oa ukutani. Nilitaka pia, na hili naliandika polepole, iwe yangu.

Alhamisi, Oktoba 17

Alikuwa aje leo. Mtu mkubwa wa chama amefariki Madurai, Profesa kaenda mazishini. Sari yangu ya bluu nimeirudisha sandukuni.

Jumapili, Oktoba 20

Wakati wa kula Kathiravan kasimulia tena hadithi ya Profesa. Nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba mkono wangu unajua wakati wa kumwongezea mchuzi bila kumkatiza.

Kwamba Profesa alikuwa mwalimu wa uchumi chuo cha serikali kule mjini. Kwamba mwaka ule mchele ulipoadimika alitoka darasani na chaki bado mkononi, akaenda kupanda juu ya benchi mbele ya duka la mgao, akachora kwenye mlango wa duka mishale ya kuonyesha mchele umetoka wapi na umepotelea wapi. Polisi wakamchukua pamoja na benchi. Chuo kikamfukuza. Wanafunzi wakamsimamisha uchaguzi, wakampigia kampeni kwa baiskeli, akashinda. Tangu hapo mara saba ameingia bungeni na mara moja tu kaanguka, na mara hiyo moja, anasema Kathiravan, hata mvua haikunyesha. Kwamba hajawahi kupewa uwaziri, kwa sababu mkuu wa chama akisoma bajeti, Profesa hunyoosha mkono na kusahihisha hesabu.

"Na mimi alinifundisha," akasema. Hapo huwa anaacha kula. "Ile mara moja alipoanguka uchaguzi, chuo kilimrudisha akafundisha kwa muda. Nilikuwa nakaa nyuma, dirishani. Baba alipofariki nikaacha. Lakini alinifundisha, Malar. Bado ananijua."

Macho yake yalikuwa kama ya mvulana anayetazama sinema. Hajawahi kunitazama mimi hivyo, hata siku ya arusi. Nilimmiminia mchuzi wa rasam mwingi mno ukafurika kwenye jani la mgomba alilokuwa anakulia.

Jumapili, Oktoba 27

Nikimwogesha mtoto namjaribishia majina, kwa sauti ndogo, mlango nimeufunga. Wiki iliyopita alikuwa Tulasi. Akanitazama tu. Juzi alikuwa Kaveri, akalia, labda ni maji ya moto. Jana jioni mvua ilipoacha, vimulimuli vilijaa kwenye miti pembeni ya ziwa letu, kimoja kikaingia ndani kikatua kwenye chandarua, na yeye akakifuata kwa kidole mpaka kikazima. Kwa hiyo leo nikamwita Minmini. Kimulimuli.

Akapiga maji kwa viganja vyote viwili, akanilowesha mpaka kichwani.

Sijamwambia mtu.

Ijumaa, Novemba 1

Sikukuu ya taa imepita na fataki zote zimelowa. Profesa alikuwa aje leo. Hakuja. Kikao cha Bunge kimeongezwa siku.

Kathiravan anasema, "Bajeti ya nyongeza, Malar. Bila yeye watapitisha upuuzi."

Nami nikasema, "Na bila yeye mtoto wako atapita vipi?"

Alikwenda kufunga waya.

Jumatano, Novemba 6

Ziwa linapanda. Mtoto ana mafua. Wifi kaniletea tangawizi bila kuombwa, kisha kaharibu kwa kusema, "Mpe. Huyo."

Jumapili, Novemba 10

Tumegombana. Nilimwambia, "Ungemwoa Profesa basi, ukae naye huko jukwaani."

Akasema, "Usimchezee Profesa mdomoni mwako."

"Mdomoni mwangu! Mimi huyo mtu simjui. Namjua kwa sauti tu, kama jini."

Mama mkwe akapiga kelele kutoka jikoni, "Nyie! Mtoto anasikia!" na kweli alikuwa anasikia, macho yanatoka kwangu yanakwenda kwake, kwake yanarudi kwangu, kama anayetazama mpira. Tukacheka sote wawili bila kupenda. Lakini kucheka kulipoisha kila mmoja alirudi palepale alipokuwa.

Jumamosi, Novemba 16

Amekuja. Imekuwa. Nitaandika yote.

Jukwaa lilikuwa mbele ya soko la samaki, limefunikwa turubai, maji yanakusanyika juu yake kama tumbo. Kathiravan alianza kukwea miti alfajiri, kafunga spika mpaka ng'ambo ya ziwa. Nilivaa ile ya bluu. Nikampaka mtoto wanja, nikamtia doa jeusi shavuni la kuzuia jicho. Nakiri hapa kwamba nilikuwa na furaha. Nilichukia siku hii miezi yote, lakini nilipoitwa nipande ngazi, na watu wote wanatazama, nilijiona mrefu. Nilitafuta uso wa Sivagami kwenye umati, nikauona, nikatabasamu.

Profesa ni mdogo kuliko sauti yake. Shuka nyeupe, miwani yenye kamba, mwavuli umening'inia mkononi hata akiwa chini ya turubai. Alimpokea mtoto vizuri, mkono chini ya shingo, kama mtu aliyelea. Kathiravan alikuwa pembeni kashika maikrofoni kwa mikono miwili. Ilikuwa imefungwa kwenye nguzo sawasawa, lakini aliishika.

Mzee akamtazama mtoto. Akainua kichwa.

"Huyu binti," akasema, na ziwa zima likasikia, "ataitwa Poongodi!"

Na chini, mbele kabisa ya jukwaa, Poongodi wa wifi yangu akajibu kwa nguvu zake zote:

"Abeee!"

Watu wakaangua kicheko. Wakapiga makofi, wakadhani ni utundu wa mtoto tu. Profesa naye akacheka, akampungia mkono, akanirudishia wangu, akasema, "Akue, asome." Halafu mtoto mwingine akapandishwa.

Nilimtazama Kathiravan. Alikuwa bado ameishika maikrofoni, rangi imemtoka.

Sivagami hakusubiri tufike nyumbani. Alinikamata hapo hapo kwenye magunia ya chumvi.

"Umemwibia mwanangu jina!"

"Mimi? Mimi nimefunua mdomo?"

"Miezi yote hii unaitolea macho ile picha! Unafikiri sikuoni dirishani? Umeitamani mpaka umeipata!"

Na ilikuwa kweli kidogo. Nilisimama tu na mtoto wangu mwenye jina la mtu mwingine, wanja umeyeyuka wote.

Jumapili, Novemba 17

Poongodi Mkubwa na Poongodi Mdogo. Ndivyo alivyoamua mama mkwe. Ukiita mmoja anakuja yule asiyetakiwa, na yule anayetakiwa hajui kutembea.

Jumanne, Novemba 19

Kathiravan amepata maelezo. Anasema Profesa hawezi kukosea. Anasema amefanya kwa makusudi, kuonyesha kwamba katika nyumba moja hakuna mtoto wa kupata na mtoto wa kukosa, ni mgawanyo wa haki.

"Basi agawe na sari ya wifi," nikasema.

"Jina limeshatolewa, Malar. Watu wamesikia."

"Na wewe umesikia nini?"

Akasema kwa sauti ya chini, "Nimesikia Poongodi." Niliona kwamba hata yeye yanamuuma. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga na kikaango.

Mlango ukifungwa, bafuni, bado ni Minmini. Lakini sasa namwita kama mwizi.

Ijumaa, Novemba 22

Mvua ya kutisha siku mbili. Ziwa lilifika ukingoni, watu wa mtaa wa chini wakaanza kufunga vyombo. Ukafunguliwa mlango wa maji wa ziwa, maji yakaenda mtoni, tuta halikubomoka. Mlango huo ni Profesa aliyeupigania bungeni, muhula wake wa pili, kabla mimi sijazaliwa. Mama mkwe alikuwa anamwombea dua kwa jina.

Ndiyo, nyumba yangu imesimama kwa ajili yake. Hata kumchukia sawasawa mtu huyu haiwezekani. Ningejua ni mbaya ningelala.

Jumatatu, Novemba 25

Nimekwenda mwenyewe. Nilimwambia mama mkwe nampeleka mtoto kliniki, nikapanda basi mpaka mjini nyumbani kwa Profesa. Asubuhi baraza lake hujaa watu wenye shida: huyu anataka barua ya chuo, yule maji yameingia shuleni, yule anamleta mkwe amkaripie. Nikakaa chini na wengine. Pembeni yangu mama mmoja mzee, sari ya pamba iliyofifia, alikuwa anachambua dengu kwenye ungo. Nilidhani ni mpishi.

"Wewe umeleta nini?" akaniuliza.

"Jina, mama."

Nikamweleza. Sijui kwa nini, labda kwa sababu hakuacha kuchambua. Nilipofika kwenye "abeee" akacheka, mabega yote yanacheka.

"Poongodi," akasema. "Mtaa huu wote ni Poongodi. Ukiita kwenye kisima wanageuka sita." Kisha akasema, "Mimi ni mkewe." Jina lake ni Visalatchi.

Nikataka kuinuka kwa heshima, akanishika goti nikae.

"Mwanangu wa kwanza alipewa jina na mkuu wa chama, jukwaani Tiruchi. Mume wangu alitoa ahadi. Mimi bado nilikuwa nimelala hospitali, mtoto yuko ubavuni mwangu. Nililisikia kwa muuguzi."

"Wewe ulitaka kumwita nani, mama?"

Aliokota kijiwe kwenye dengu akakitupa uani. "Ana miaka arobaini sasa, yuko benki. Nikimwita la kwangu hatageuka."

Hakuniambia. Nami sikuuliza tena. Lakini nilijua hapo kwamba kuna mtu amekaa na wivu huu wangu maisha yake yote, anaupika, anauandalia chakula, anaufulia mashuka meupe.

Zamu yangu ikafika. Profesa alinitazama juu ya miwani.

"Mtoto anaumwa nini?"

"Anaumwa jina, Profesa."

Katibu wake akakohoa. Mimi nikaendelea, nisingeendelea ningekimbia. "Ulimpa juzi Melaneri. Poongodi. Na binamu yake ulimpa Poongodi mwaka ule wa daraja. Tunakaa uani mmoja. Nikiita wangu anakuja wa wifi."

Aliivua miwani. Kwa mara ya kwanza niliona uso wake bila picha, mzee aliyechoka na alama mbili nyekundu puani.

"Nilipokuwa nafundisha," akasema, na hakuwa ananiambia mimi hasa, "nilimjua kila mwanafunzi, jina lake na kijiji chake. Walipoanza kuniletea watoto niwape majina, nilikuwa nakesha nikitafuta. Kila mmoja lake. Halafu wakaja wengi. Kila mkutano, kila harusi. Nikafanya kama kiwanda. Majina manne ya wasichana, manne ya wavulana, nayazungusha."

"Nilimwambia aongeze aina," Bi Visalatchi akasema kutoka kwenye dengu zake. "Akasema wateja hawajalalamika."

"Sasa analalamika mmoja," akasema Profesa. "Wa kwanza." Alinitazama kama mwalimu anayemtazama mtoto aliyejibu sawa bila kutegemewa. Kisha akatikisa kichwa. "Lakini, binti, siwezi kulirudisha hadharani. Uchaguzi hauko mbali. Wale wa upande wa pili wataimba kwenye magari yao, Profesa anapokonya hata majina."

"Sitaki hadharani. Nataka umwambie mume wangu tu. Neno lako moja linamtosha."

"Mume wako ni nani?"

"Kathiravan."

Akatazama dari.

"Wa spika," nikasema.

"Aaa! Kathiravan!" Uso ukamng'aa. "Yule mnene! Mwenye masharubu!"

Mume wangu hana masharubu. Mume wangu ni mwembamba kama waya wake.

"Ulimfundisha, Profesa," nikasema. "Mwaka mmoja. Alikuwa anakaa nyuma, dirishani."

"Ndiyo, ndiyo," akasema. "Dirishani." Alikuwa ananidanganya kwa wema, kama mimi ninavyomdanganya mtoto kwamba dawa ni tamu.

Miezi hii yote nimetafuta kitu cha kuwatenganisha hawa wawili. Sasa nilikuwa nacho mkononi, kizima. Nikangoja furaha, haikuja. Nilisikia kifua kinauma kama vile ni mimi niliyesahauliwa. Huyu ni nani asimjue? Nilikuwa nataka arudishe kile alichopewa na mume wangu, chote, na hapo nikagundua hajawahi hata kukipokea.

Nikasema, na sauti ilinitoka kubwa, "Profesa, sauti yako inafika ng'ambo ya ziwa kwa sababu yeye anakwea miti kwenye mvua. Nyumbani anatulaza kwa hotuba zako. Mtoto huyu anacheka ukiuliza nani amekula mchele."

Mtoto alikuwa amegeuka anamtazama yeye, si mimi, kinywa wazi, anangoja aseme tena. Hata hapo!

Profesa alinyoosha kidole, mtoto akakishika.

"Mwambie," akasema polepole, "kwamba la jukwaani ni la jukwaani. La nyumbani mpange wenyewe. Mwambie nimesema mimi." Akavaa miwani. "Na mwambie... ana masharubu au hana?"

"Hana."

Akainamisha kichwa. Katibu akaita mtu mwingine.

Jumanne, Novemba 26

Jana habari ilifika nyumbani kabla yangu. Kwenye basi na mjini kila mtu anamjua Kathiravan, kasoro mzee mmoja.

Alikuwa amesimama mlangoni. "Ulikwenda kunishtaki kwa Profesa? Mimi?"

"Nilikwenda kuomba ruhusa ya jina la nyumbani. Ametoa."

Niliona hasira inashindana na kitu kingine, na kile kingine kinashinda. Akauliza kama mtoto, hata hakuingia ndani kwanza:

"Alinikumbuka?"

Lilikuwa mdomoni. Neno moja, masharubu, na lingekwisha. Angekuwa wangu peke yangu.

"Alikuulizia," nikasema. "Alisema, Kathiravan wa spika, si yule aliyekuwa anakaa nyuma, dirishani?"

"Dirishani!" Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama! Anakumbuka dirisha!"

Akatoka kwenda kumwambia mama yake, kisha dada yake, kisha muuza maziwa. Nilimsikia uani akilisimulia dirisha lile, kila mara likizidi ukubwa. Nilikaa ndani namwonea wivu kwa furaha ambayo nimeitengeneza mimi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Alhamisi, Novemba 28

Anatafuta jina. Yeye! Anatembea na kalamu sikioni. Anasema Profesa amemkabidhi kazi. Sikuliona hili likija.

Jumamosi, Novemba 30

Amelipata. Adalarasi. Yaani jina la Profesa, limevalishwa sari.

"La," nikasema.

"La nini?"

"Huyu anaitwa Minmini."

Alinitazama kama nimetapika. "Mdudu? Mtoto wa watu aitwe mdudu?"

"Poongodi ni mmea unaotambaa, mbona hamjamwita mboga?"

Sivagami, aliyekuwa anaanika pilipili chini ya kibaraza, akasema, "Sikia huyu!" lakini alikuwa anazuia kicheko, nilimwona.

"Profesa ameniachia mimi," akasema Kathiravan.

"Ametuachia sisi. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale mbele yake, na mtoto begani. Wewe hukuwepo. Wewe ulikuwa kwenye mti."

"Kwa ajili yake!"

"Ndiyo. Kila siku kwa ajili yake. Kathiravan, huyu mtoto nimemwita Minmini tangu mwezi wa kumi, bafuni, nimejifungia kama naiba sabuni. Anageuka. Muite Adalarasi uone kama atageuka. Muite!"

Alimtazama mtoto aliyekuwa ameketi kwenye mkeka anakula bendera ya chama. Akafungua mdomo. Hakuita. Nadhani aliogopa.

Na mimi nilikuwa bado na lile neno chini ya ulimi. Nilijua kwamba nikilitoa atakubali jina lolote, atakubali hata mtoto aitwe kiatu, kwa sababu hatakuwa na nguvu ya kukataa. Nikalimeza tena. Nikamwambia tu, "Nataka uje kwangu kwa miguu yako, si kwa kuanguka kutoka kule." Sidhani alinielewa. Alichukua koleo lake akatoka kwenye manyunyu.

Jumapili, Desemba 1

Hajasema nami tangu jana. Alikula, akanawa, akakunja jani lake kuelekea kwake, kama mtu aliyeshiba na kuridhika. Mtoto amelala. Mvua imetulia asubuhi yote nami nimetundika nguo zote za wiki.

Yuko uani sasa, anazungusha waya kwenye kiwiko, na Sivagami yuko kwenye kinu. Wanaongea. Siwasikii vizuri kwa sababu ya jiwe la kinu. Yeye anasema kitu kirefu, dada yake anasimamisha jiwe, anamtazama. Anauliza. Yeye anajikuna shingo. Sasa dada yake anacheka, anampiga begani na mkono wenye unga.

Ndivyo alivyo. Jambo la moyoni lazima apeleke kule kwanza. Kwa Profesa, kwa dada, kwa muuza maziwa, mimi nipate makombo. Kama ameamua ni Adalarasi, na wifi ndiye wa kwanza kujua, basi naapa nitachukua mtoto niende kwa kaka yangu mpaka mavuno yaishe, na akija kunifuata nitamwambia kwamba mke naye ana

Wifi ananiita. Kwa sauti ya soko zima: "Mama Minmini! Wewe Mama Minmini, kiziwi? Mvua hiyo, nguo zako!" Na Kathiravan amesimama na waya wake anatazama chini, anasubiri nitoke, na mimi ndiye ambaye ilibidi niambiwe kwanza kwamba amekubali, mimi, kabla ya mtu yeyote, na nitamwambia hivyo, nikishamaliza ku